Sweta Mbili za Pacha

Mukagasana wa Giheke alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho kilikaa mikononi. Sweta alizofuma, safu moja mbele na moja nyuma, zilikuwa na uso laini ajabu. Za rafiki yake Mwavita, mchuuzi wa Bukavu, alizicheka waziwazi, maana Mwavita alijua mshono wa mbele tu, safu zote, hadi sweta ikajaa matuta ndani na nje.

"Hiyo ni kazi ya batoto ba primeri," Mukagasana alimwambia.

"Acha ikuwe ya batoto, Maman Niyonshuti. Yangu haipindake."

Walikuwa majirani huko Bukavu kabla Mukagasana hajarudi kwao Giheke, Rwanda. Agosti 1998 binti yake Niyonshuti akajifungua pacha, na bibi akaahidi sweta mbili nyeupe za ubatizo, zinazofanana kabisa. Pacha hawabaguliwi; ukimvisha mmoja ukamwacha mwenzake, umetafuta maneno. Mwavita akaleta bunda moja la uzi, la pili angelileta Jumamosi. Kabla ya Jumamosi vita vikaanza ng'ambo, Kongo, mpaka ukafungwa, na habari za Mwavita zikakatika.

Mukagasana akafanya ujanja. Uzi ule ulikuwa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, basi akazitenganisha apate mabunda mawili ya uzi mwembamba. Sweta ya kwanza ikatoka imepinda, mshono wa ubavuni umetambaa hadi tumboni. Akailowesha, akaipiga pasi ya makaa. Wapi. Akaifumua, akafuma upya, ikapinda upande uleule.

Siku tatu kabla ya ubatizo aliketi akiuvuta uzi na kuuachia. Kila ukilegea ulijikunja upande mmoja, kwa kuwa mwenzake wa kuuzuia hayupo tena. Ule mshono wake wa uso laini uliufuata tu mkunjo huo. Lakini mtu akifuma mbele safu zote, tuta la nje huvuta huku, la ndani likarudisha kule. Huo ulikuwa mshono wa Mwavita. Aliona haya, ingawa alikuwa peke yake. Kisha akaogopa, kwa kuwa hakujua kama mwenye mshono yu hai.

Akafumua, akafuma zote mbili kwa mshono huo. Matuta hula uzi, kwa hiyo sweta zote mbili zikakosa mikono. Ila Jumapili zilikaa vifuani zimenyooka. Padri hakuziangalia, Mukagasana aliziangalia misa nzima.

Wiki ya tatu baada ya ubatizo, mpaka ukafunguliwa. Mwavita akapanda kilima cha Giheke, amekonda, na bunda jeupe ndani ya kitenge. Kabla hata ya kuketi alimpakata pacha mmoja, akapitisha kidole juu ya matuta.

"Nani alifuma hii?"

"Ni miye."

"Hii ya batoto ba primeri?"

Mukagasana alikuwa na jibu tayari, kwamba uzi ndio uliomlazimisha. Alilitunga majuma matatu.

"Nilikuwa nafuma, nakulilia," alisema. Akapokea lile bunda, akamvutia kiti. "Ikala, Maman. Unioneshe vile unaanzaka mikono."