Mwili Mmoja, Wagombea Wawili

Mpaka leo nikienda Kajiado napita nyuma ya soko, sipiti mbele ya ule ukumbi wa jamii, na mtu akiniuliza mbona nazunguka namwambia nanyoosha miguu. Uongo. Ni aibu tu inanizungusha. Nimekaa nayo miaka na miaka, na hata sasa ninapowahadithia nataka tu nifike mwisho, kwa hivyo nivumilieni nikienda mbio, na msicheke kabla sijamaliza (mtacheka tu, nawajua).

Mimi ni mchoraji wa katuni. Miaka ya tisini nilichora vile vijitabu vya kuuzwa na wauza magazeti, vya karatasi nyepesi inayochafua vidole, na vilipokufa (vilikufa kimya kimya, hata matanga hatukukaa) nikahamia Kitengela ambako nyumba zilikuwa rahisi, nikapata kompyuta kuukuu, nikajifundisha kuzifanya katuni zitembee. Sasa hiyo ni kazi ya wazimu. Unachora mtu akiinua mguu, unamchora tena ameuinua zaidi kidogo, unamchora tena, unamchora tena, na wiki ikiisha mtu wako amevuka chumba na wewe umekonda. Ndiyo maana sisi wa kazi hii tuna ujanja wetu. Mwili unauchora mara moja tu, ukishatembea vizuri unauweka akiba, halafu kichwa unakichora kando na kukibandika juu yake. Kesho ukitaka mtu mwingine, unatoa kichwa unaweka kichwa. Si dhambi, kila mchoraji anafanya hivyo, na mtazamaji hajui.

Wakati huo nilikuwa nampenda Naserian, aliyekuwa karani katika shamba la maua kule Isinya, na tatizo letu lilikuwa baba yake. Alikuwa mfugaji wa upande wa Kajiado, mtu wa maneno machache, na hakuwa na neno na ukoo wangu wa Ukambani kama mlivyokwisha kudhani. Neno lake lilikuwa kazi yangu. Kila nikienda kumsalimu ananiuliza, "Unafanya kazi gani?" Nasema nachora. Anakunywa chai, kisha anauliza, "Na ukimaliza kuchora, unaenda kazi gani?" Nilimpeleka mjomba wangu akaniombee, tukakaribishwa vizuri sana, tukaambiwa tungoje. Tuliendelea kungoja mpaka mjomba akaanza kuniuliza kama hakuna msichana huku kwetu.

Ukaja mwaka wa uchaguzi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na Baba Naserian akajitosa kugombea udiwani. Naserian akaja kwangu mbio. Akasema mfanyie baba filamu ya katuni ya kampeni, watu waione, acheke, ashangiliwe, na siku hiyohiyo atajua kuchora ni kazi na mambo yetu yatanyooka. Nikasema ndiyo kabla hajafika mwisho. Nililosahau kumwambia ni kwamba kompyuta yangu tayari ilikuwa na mgombea mwingine ndani yake.

Mgombea huyo tulikuwa tukimwita Mabati kwa sababu ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Aliutaka udiwani huohuo wa Baba Naserian. Alikuwa amenijia mapema, nikamfanyia filamu yake nzuri, akanilipa kwa mabati na misumari, na mama yangu huko nyumbani akaacha kusogeza kitanda mvua ikinyesha. Katika filamu hiyo Mabati alikuwa anatembea kifua mbele, koti limefungwa, anapunga mkono, anafika kwenye bomba la maji, analifungua, ng'ombe wanakunywa. Mwili ule ulinitoa jasho. Ulitembea vizuri mpaka nikawa nauangalia peke yangu nikitabasamu.

Sasa nikakaa na kufikiri (hapa ndipo nilipojichimbia shimo). Nilikuwa nimewasikiliza wagombea wote wawili kwenye mikutano, na nawaambia ukweli, hotuba ilikuwa moja. Maji, barabara, karo ya watoto, na vidole hewani. Siasa na katuni ni ndugu, nyinyi mwajua? Zote zinataka kichwa kikubwa, mkono unaopunga na watu wa kushangilia, na ndani ya koti hakuna anayechungulia. Nikajiambia, kama wao wenyewe wanatumia hotuba moja, mimi nichore miili miwili ya nini? Nikatoa kichwa cha Mabati, nikabandika cha baba mkwe. Kazi ya mwezi ikaisha kwa siku chache. Naserian aliponiuliza ilikuwaje haraka hivyo, nikamwambia ni mapenzi.

Siku ya mkutano nilipakia kompyuta kwenye pikapu ya jirani, nimeivika blanketi kama mgonjwa, nikafika Kajiado asubuhi na shati jipya jeupe, nikamwonyesha Baba Naserian filamu yake nyumbani kwa ndugu yake. Aliitazama yote bila kukohoa. Mwisho akasema, "Ng'ombe ni wachache." Nikamwambia Mzee, hao ni wa mfano tu. Akasema, "Mtu wa ng'ombe wachache hivi, nani atampa kura? Watasema nimefilisika." Nikaeleza kwamba kuongeza ng'ombe kunamaanisha kile kipande cha filamu chenye bomba kipikwe upya ndani ya mashine (ndivyo tunavyosema, kupika, kwa sababu inachukua muda na mashine inachemka kweli). Akasema, "Basi pika." Na Naserian nyuma yake ananikonyeza, kwamba ongeza, ongeza.

Nikaongeza. Nikajaza ng'ombe mpaka wakatoka nje ya picha. Lakini nilikuwa na haraka, watu wanapita dirishani wakielekea ukumbini, emsii, yule mwongoza mkutano, ameshatuma mtu mara mbili kuuliza filamu iko wapi. Ule mwili mmoja ulikuwa na makasha mawili ndani ya kompyuta, kasha la kichwa hiki na kasha la kichwa kile, na wakati wa kupika nikafungua moja bila kuangalia ni la nani, nikaiacha mashine ijihudumie. Ilipomaliza sikuiangalia. Mimi, niliyekuwa nikitazama mguu mmoja usiku kucha, siku hiyo sikuangalia chochote. Nikabeba mashine, nikakimbia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Madirisha yameshindiliwa shuka nyekundu ili giza lipatikane, joto limepanda, mbele kabisa wamekaa wazee na fimbo zao, na Baba Naserian katikati yao, na Naserian upande wa akina mama. Filamu haikuwa na sauti, kwa hivyo emsii alisimama pembeni na kipaza sauti akiisimulia, mgongo kwa ukuta, uso kwa watu. Taa ya projekta ikawaka. Baba Naserian akatokea ukutani mrefu kama mlango, akatembea kifua mbele, akapunga mkono, na ukumbi mzima ukalipuka. Watoto walikuwa wanamwonyesha ukutani kisha wanamwonyesha kwenye kiti. Na yeye, nilimwona kwa macho yangu, alicheka. Aliweka mkono mdomoni akacheka, akamgonga mzee wa kando yake gotini. Nikasema moyoni, Mutua, umeoa.

Kipande cha bomba kikaingia. Ng'ombe wakamiminika, akina mama wakapiga vigelegele kwa ajili ya ng'ombe tu, mtu akainama kufungua maji, akainuka, akageuka kuwatazama wananchi, na alikuwa Mabati.

Emsii hajui, anaendelea tu, "Mtazameni uso huo, mnaujua uso huo, huyo ni mtu wa sura moja!" Nyuma kabisa mtu akaanza kucheka peke yake, halafu wakawa wawili. Nikarukia kompyuta nizime, nikabonyeza sijui wapi, na badala ya kuzimika ikaganda. Mabati akasimama ukutani mdomo wazi, kidole juu. Nikaona afadhali niizibe picha na mwili wangu, nikaruka mbele ya projekta nimetanua mikono, na lile shati langu jeupe la ukweni likampokea Mabati vizuri kuliko ukuta. Kila nikijigeuza anageuka na mimi. Nikisogea kushoto, pua yake inanipanda begani. Ukumbi ulikuwa unalia kwa kicheko, wazee wanagonga fimbo chini, na mimi pale mbele nimevaa mpinzani.

Mama mmoja akavuta shuka dirishani, mwanga ukaingia, picha ikafifia. Baba Naserian alikuwa amesimama. Akamnyang'anya emsii kipaza sauti, na akaniuliza kwa upole, jambo lililonitisha kuliko matusi.

"Kijana. Hiki kichwa kilikuwa kinatafuta nini kwa kompyuta yako?"

Hapo ningesema ukweli, leo labda ningekuwa nahadithia mambo mengine. Nikasema ni virusi. Nikaeleza kwamba kompyuta hupata ugonjwa, na ugonjwa huo huleta picha za ajabu. Mzee mmoja wa mbele akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole kama Mabati sasa amekuwa ugonjwa, na kama ng'ombe wanaweza kuupata. Wakacheka tena, na nikafikiri nimepona. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa ameegemea mlango akasema bila hata kuinua sauti, "Lakini hii filamu tulionyeshwa Isinya juzi. Ni hii hii. Hata koti ni hii hii, ng'ombe tu ndio wameongezwa."

Kicheko kikakatika. Baba Naserian hakunitazama kwanza, alitazama ukuta, halafu shati langu, halafu mimi.

"Kwa hivyo huo mwili ulikuwa wake kwanza."

Ningeweza kumwambia habari ya paa la mama yangu, ningeweza kumwambia ujanja wa kazi, lakini vyote vilikuwa vinaniambia jambo moja, kwamba yule aliyenilipa nilimchora, na mtu niliyetaka aniite mwanawe nikampa masalio. Akarudisha kipaza sauti, akatoka nje, wazee wakamfuata mmoja mmoja, na akahutubia huko nje juani bila filamu. Mimi nilibaki ndani nakunja nyaya.

Uchaguzi ulipofika hakushinda hata mmoja wao wawili. Alishinda mtu wa tatu ambaye hakuwa na filamu, bango wala emsii, na watu wa biashara yangu wanaodhani maonyesho ndiyo huchagua viongozi ingefaa wamtembelee. Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Naserian alikuja Kitengela wiki iliyofuata ule mkutano. Hakukaa. Nilimvutia kiti, akakishika mgongo tu. Nikaanza kumwelezea habari ya makasha na haraka na mashine, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

Akasema, "Unajua wale wazee wa mbele walikuwa nani?"

Nikasema wapiga kura.

"Ni wazee wa boma letu. Baba aliwaita waone kazi ya mkwe wake. Alikuwa awaambie filamu ikiisha."

Nilikaa kwenye kile kiti mwenyewe. Alikuwa ameshakubali. Labda siku ileile aliponiambia nipike, labda kabla, na mimi nilikuwa nakimbia huku na kule nikitafuta kitu nilichokuwa nimeshapewa. Nilimwuliza Naserian kama tunaweza kwenda kumwomba baba msamaha. Akasema baba hana hasira, anaona haya tu, kwa sababu aliniombea nafasi kwa wazee na sasa hawezi kuwarudia. Miaka miwili baadaye Naserian aliolewa Rombo, na nimesikia mumewe ni mtu mzuri, ana mifugo ya kutosha na hajui kuchora hata yai.

Kwa hivyo hiyo ndiyo habari yangu. Nachora bado, nachora matangazo ya sabuni na vipindi vya watoto, na kila mtu ninampa mwili wake, hata akiwa wa kupita tu nyuma ya mti, na wenzangu wananicheka kwamba nitazeekea kwenye mguu mmoja. Kazi za siasa niliapa sitazigusa. Kila uchaguzi ukikaribia simu zinaanza, na wote nawajibu vilevile, kwamba mkono unauma. Na kweli kuna kitu kinauma, ila si mkono.