Kicheko cha Nyuma ya Ukuta

Filamu ile nimeitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Rumonge, na anayebisha aje abishe mlangoni kwangu, nyumba inajulikana. Naifahamu mpaka mikwaruzo yake. Ni ya zamani, haina rangi. Wote walioigiza humo nadhani walishakufa, na hapo ndipo mimi nasema inatisha kweli: unatazama wafu wanaoogopa mizimu.

Shule sikwenda mbali. Darasa la nne, kambini Tanzania, basi. Lakini kazi ya kwanza iliyonipa jina ilikuwa ya mdomo. Kambini kulikuwa na banda la video, turubai juu, magogo ya kukalia, jenereta nyuma. Siku moja mfasiri wao aliugua, nikasimama mimi. Kiingereza sikijui mpaka leo. Niliangalia macho ya watu, niliangalia mkono umekwenda wapi, nikasema kinachofaa kusemwa. Haikupita muda, watu walikuwa wanauliza mlangoni kabla ya kulipa: leo anasema nani? Kama si mimi, wanarudi makwao. Tuliporudi Burundi nilibeba vitu vitatu vilivyokuwa vyangu: godoro, jembe, na CD ya filamu ile.

Hadithi yenyewe ni ndogo. Mtu mnene, mdomo mkubwa, ananunua nyumba ambayo watu wote wameikataa kwa sababu mwenye nyumba, bibi mmoja mzee, amekufa lakini hajaondoka. Mnene anasema yeye haogopi kitu. Anaingia na mke wake. Meza imeandaliwa sahani mbili. Picha inakwenda dirishani, inarudi mezani, sahani ni tatu. Mnene haulizi. Anavuta ile ya tatu, anakula. Banda zima lilikuwa linalia kwa kucheka. Halafu, wakati midomo bado iko wazi, muziki unakatika, na unaona nyuma ya mnene kiti cha tatu kinasogea nyuma chenyewe taratibu, kama cha mtu aliyenyang'anywa chakula na kuinuka bila ugomvi.

Siku hizi wanatengeneza filamu za kutisha zenye damu nyingi kuliko mawese yanayotoka kwenye mashine zangu. Kijana anakatwa kichwa, mwingine anakatwa kichwa, mimi nasinzia. Ile haina damu hata tone. Aliyeitengeneza alijua kwamba mtu akicheka hajilindi. Mimi sikusoma, lakini hilo nililiona mwenyewe, nimesimama mbele ya watu mia mbili na fimbo ya kuonyeshea mkononi.

Sehemu nzuri kuliko zote ni ya kabati. Mnene amesikia hatua juu ya dari. Mke wake anaangalia, na mnene alishajisifu kwamba haogopi, kwa hiyo anasema anakwenda kutafuta koti. Anaingia kabatini, anajifungia. Giza. Anahema. Halafu unaona, kwa mwanga mdogo wa ufa, kwamba ndani ya kabati kuna mtu mwingine, yule bibi, na bibi anasogea ampishe. Hapo mimi nilikuwa nampa bibi maneno haya: "Sogea na wewe kidogo, hata mimi naogopa."

Sasa nije kwenye nyumba.

Mama alinizaa katika nyumba hii, hapa Rumonge, karibu na michikichi iliyopandwa na baba. Nilivuka ziwa nikiwa mgongoni mwa mama, mwaka ule watu wa upande huu walipokimbia kuuawa. Baba alifia ugenini. Tuliporudi, mimi mtu mzima mwenye mke, tulikuta nyumba imesimama na mtu yumo: mjane mmoja, watoto wake wakubwa wako Bujumbura. Wakubwa wa wakati ule walimpa mume wake nyumba tupu, na yeye akaletwa humo akiwa bibi harusi. Hakuiba. Alipewa. Sisi pia hatukuiuza. Tulikwenda mbele ya watu wa tume ya ardhi, wakasikiliza pande zote mbili, wakasema kama walivyosema kwa wengi hapa: mugawane.

Wakapima kwa kamba. Kamba ilipita katikati ya sebule. Sisi tukapata jikoni, stoo na nusu ya sebule. Mjane akapata nusu nyingine na chumba cha kulala, chumba ambamo mama aliolewa na ambamo mimi nilizaliwa.

Ukuta niliujenga mwenyewe, kwa mikono hii, siku nne. Matofali yaliisha kabla ya kufika kwenye paa, ikabaki nafasi ya mkono mmoja juu. Baadaye nilipata mali. Nilianza na bidoni moja ya mawese, dumu la plastiki, kichwani mpaka Bugarama, leo nina mashine mbili za kukamua na lori ambalo madereva wa Kabezi wakiliona wanatoa njia. Ningeweza kuumaliza ukuta ule asubuhi moja. Mama alikataa.

"Acha hivyo," alisema. "Nataka kusikia chumba changu."

Alikuwa na neno moja tu, mama, na alilisema tangu siku tuliyorudi: asifie upande wa jikoni. Alitaka kufia katika chumba kile, kitanda kikiwa chini ya dirisha la upande wa ziwa kama kilivyokuwa. Nilimwambia, mama, mimi ni mwanao, kitu nikikitaka nakipata.

Nilinunua televisheni kubwa kuliko zote za mtaa wetu, na Jumapili ya kwanza, baada ya misa, niliweka filamu yangu. Mama kwenye kiti, mke wangu chini kwenye mkeka, mimi nimesimama kama zamani. Nikafanya ujanja. Sauti ya yule bibi mzimu niliifanya iwe sauti ya jirani yetu, yule mjane, lile koo lake la kukwaruza, na nikaitupa juu, kwenye ile nafasi ya ukuta, ili aisikie vizuri. Mnene nikampa sauti yangu. Mnene akasema: "Toka, bibi, hapa kuna wenyewe." Mke wangu alikuwa anaficha uso kwenye kitenge.

Halafu jirani akaita kutoka upande wa pili.

"Mwanangu. Huyo mzimu ni mimi?"

"Ni wewe, mama," nikasema. Sikuogopa.

"Sawa. Na mbele ya yule munene kuja, nani alikuwa ndani ya nyumba?"

Nikashika rimoti, nikapunguza sauti.

"Mzimu njo mwenye nyumba," akasema. "Yule munene iko mugeni. Haya, endelea, nasikiliza."

Na akacheka. Kicheko kirefu, cha mtu aliyekaa vizuri.

Mama alizima televisheni yeye mwenyewe. "Tume ilimpa nusu," aliniambia. "Wewe umempa yote, kwa mdomo wako."

Nilidhani yameishia hapo. Jumapili iliyofuata saa ileile ukuta ukagongwa mara tatu. "Leo hamuangalie?" Nikaweka filamu, kwa hasira, na nikaitafsiri vizuri kuliko siku zote, kwa sababu mimi siwezi kufanya kazi mbaya nikijua mtu anasikiliza. Ikawa desturi. Miaka. Umeme ukikatika, betri. Picha hakuwahi kuiona hata moja, alikuwa na sauti yangu tu, lakini alijua kila kitu kiko wapi. Kwenye sahani ya tatu alikuwa kimya. Kwenye kabati alikuwa ananitangulia. Kabla sijafungua mdomo, unasikia kutoka juu ya ukuta: "Sogea na wewe kidogo, hata mimi naogopa." Halafu kile kicheko. Mama mwanzoni alikuwa anauma midomo. Baadaye nilimwona anasubiri, kichwa kimeinama upande wa ukuta, na kicheko kikija, mabega yake yanatikisika kidogo. Alisema ni kikohozi.

Kikohozi kilikuja kweli. Mama alianza kukonda. Daktari alisema mapafu, na umri. Kitanda chake kilikuwa stoo, ndani ya harufu ya mawese, na kila asubuhi aliniuliza kitu kimoja kwa macho.

Nilikwenda kwa jirani. Nilivaa koti. Nilibeba bidoni ya mawese na mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa Gitaza, nikapiga hodi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tujenge ukuta kusimama mlangoni pake. Hakunikaribisha ndani, aliweka kigoda nje, tukakaa tunaangalia michikichi.

Nikamwambia nitamjengea chumba kipya nyuma, saruji, mabati mapya, dirisha la vioo, apishe kile.

"Murakoze," akashukuru. "Mafuta nimepokea, ndagala nimepokea. Chumba, hapana. Mama yako alilala humu miaka mingapi?"

"Miwili."

"Mimi nimezeeka humu. Mume wangu alikata roho humu. Nimuache na nani?"

Hapo nikasema neno ambalo mpaka leo liko kwenye ulimi wangu kama mwiba wa samaki. Nikasema: "Basi nitangoja, mama. Nina afya. Najua kungoja. Wewe una miaka mingapi?"

Hakukasirika. Alichukua ndagala mmoja kwenye mfuko, akamkata kichwa kwa kucha, akala.

"Ngoja, mwanangu. Hata mimi nilingoja. Miaka yote ile mulikuwa Tanzania, mutu akipiga hodi nilifikiri ni ninyi. Nilikuwa nafungua mulango nikitetemeka. Usiku mume wangu akikohoa, nafikiri ni baba yako. Siku mulikuja kweli, nilipumua."

Nikarudi nyumbani. Mama aliuliza: "Amesemaje?" Nikamwambia anafikiria. Ndio uongo pekee niliomwambia mama nikiwa mtu mzima.

Jumapili ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Ukuta haukugongwa. Nilidhani amechelewa misa yake, nikaweka filamu. Mama tulimkalisha kwa mito. Sahani ya pili, sahani ya tatu, kiti. Nikafika kwenye kabati. Nikanyamaza, kama kawaida, nimpe nafasi yake.

Mnene anahema gizani. Bibi anasogea. Hakuna sauti.

"Kalala," nikasema. "Amelala."

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha. Mnene akaingia kabatini tena, akajifungia tena. Nikaongeza sauti. Bibi akasogea tena. Juu ya ukuta hapakuwa na kitu ila matone ya mvua yanayodondoka kwenye mabati.

Mama akasema: "Nendeni."

Mke wangu alipiga hodi mara tatu. Mimi nilisukuma mlango kwa bega. Jirani alikuwa kitandani, uso umegeukia ukuta, ukuta wetu, mkono mmoja umeegemea matofali niliyoyapanga mimi. Alikuwa ameshakuwa baridi. Kitanda alikuwa amekisogeza mpaka kikagusa ukuta, chini kabisa ya ile nafasi. Kona ya dirisha la upande wa ziwa ilikuwa tupu, imefagiwa, na alama nne za miguu ya kitanda bado ziko kwenye sakafu. Alikisogeza lini, sijui. Mimi nasema ni kwa sababu ya filamu, ili asikie vizuri. Watoto wake wanasema hivyo hivyo.

Mama alitaka kwenda, nikambeba. Alikuwa mwepesi kama mfuko wa pamba. Aliingia katika chumba chake akiwa mikononi mwangu, na maiti ya mwenzake ndani. Aliangalia dari, aliangalia dirisha, akasema: "Niweke pale." Nikamweka kwenye kona tupu, juu ya mkeka. Hapo ndipo alipokaa siku zote za kilio, kati ya wanawake wengine, na watoto wa marehemu waliotoka Bujumbura walikuwa wanamwinamia na kumpa pole kama ndiye mfiwa mkuu. Hakukataa pole hata moja.

Walipomaliza kilio, watoto hao walisema hawana kazi na nusu ya nyumba. Niliinunua siku hiyohiyo, bila kuomba wapunguze, mimi si mtu wa kuvutana na watoto wenye msiba. Nikarudi nikiwa nimeshika funguo. Nikamwambia mama: nilikuambia kitu nikikitaka nakipata. Nimeita fundi. Kesho anabomoa ukuta, keshokutwa unalala chini ya dirisha lako.

Mama alikuwa ameshakubali kurudishwa stoo.

"Acha nibaki huku," akasema. "Huko kuna mtu."

"Mama, tumemzika. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Najua tumemzika."

Nilimbembeleza wiki tatu. Nilipeleka godoro jipya, nikalitandika chini ya dirisha, nikalipiga picha, nikamwonyesha kwenye simu. Alisema ni zuri, na asilale mtu. Alifia stoo, kati ya bidoni zangu, saa nne asubuhi, mimi nikiwa kwenye mashine. Neno lile moja alilonililia tangu turudi, asifie upande wa jikoni, sikulitimiza, mimi mwenye lori.

Fundi ameuliza mara mbili habari ya ukuta. Nimemwambia nitampigia. Filamu naiweka bado, Jumapili, na kwenye kabati nanyamaza, halafu picha inaendelea. Mke wangu haji tena kukaa kwenye mkeka, anasema haichekeshi siku hizi, na mimi namwambia hajui filamu.

Bidoni zilipozidi nilianza kuziweka katika chumba kile. Nyumba ni yangu yote, karatasi ninazo, na watu wa hapa wanajua kama mimi naogopa kitu au siogopi. Nikienda kuchukua bidoni napiga hodi kwanza. Nangoja kidogo. Halafu naingia, na napita pembeni, upande wa mlango.