Maji Aliyoyachemsha Bibi Mara Mbili

Jumamosi nilirudi Chang'ombe na chupa mbili tupu, nichote maji ya kisima cha bibi nikayapeleke kupimwa. Mdogo wangu ndiye anayeishi pale sasa, na mwanawe wa miezi minane hupikiwa uji kwa maji hayo.

Utoto wangu, rafiki yangu, una ladha ya chai ya mchaichai iliyopikwa kwa maji yale. Tulivuta ndoo asubuhi, kamba ikitukwaruza viganja, huku nyuma ya ukuta jirani akigonga betri kuukuu za magari. Alizipasua akatoa madini ya risasi ya kuyeyusha, na ile tindikali akaimwaga kwenye shimo la karakana yake. Mchanga uliinywa, nasi tukadhani imekwisha.

Bibi aliogopa kipindupindu kuliko kitu chochote. Alichemsha maji, akayapoza, akayachemsha tena mpaka yakabaki nusu sufuria.

"Bi mkubwa, hayo maji si yameshachoka!" jirani alimtania.

"Bora yachoke yenyewe kuliko mjukuu wangu. Wewe gonga mabetri yako!"

Leo mimi ni mwalimu wa kemia. Majuzi nilikuwa nawaeleza wanafunzi jinsi madini ya urani yanavyosafiri chini ya ardhi karibu na machimbo yaliyoachwa. Jiwe lililokuwa limefunikwa likishachimbuliwa, hewa na maji hulifikia. Urani huyeyuka kidogo kidogo na kufuata maji hadi visimani, bila rangi wala harufu. Ukiyachemsha, unaua vijidudu tu. Mvuke unapaa, madini yanabaki, tena yamekolea zaidi. Hapo chaki ikanisimama mkononi. Risasi nayo husafiri na maji, na tindikali huisaidia kuyeyuka.

Karakana ilishavunjwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Mchaichai umekauka. Bibi hayupo. Nilipomaliza kujaza chupa zangu, nilimkuta mdogo wangu ameinamia jiko la mkaa.

"Mbona umekunja uso hivyo, dada? Mie nayachemsha mara mbili, kama bibi."

Majibu ni baada ya wiki mbili. Niliipua sufuria, nikamsogezea dumu la maji niliyonunua njiani.

"Hujakosea, mdogo wangu. Sote tulilelewa hivyo. Ila mtoto apikiwe kwa haya kwanza."

Nikayamwaga yale ya sufuria uani. Mchanga uliyanywa upesi, kama ulivyokunywa kila tulichodhani kimekwisha.