Togwa ya Nyangi

Wanawake wa Nyasho mna midomo, Mungu awasamehe. Juzi hapa bombani nimesikia mmoja anasema yule bibi Nyangi, anayeuza samaki wa furu wakavu karibu na stendi, ati alimuuza mchumba wake kwa polisi ili baba yake atoke. Nikatua ndoo. Alimuuza! Kwa bei gani? Ninyi mlikuwa hamjazaliwa, na huyo mama yenu aliyewasimulia alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi Jeska nilikuwepo. Kaeni chini, maji hayakimbii.

Tulikuwa wasichana wa miaka kumi na saba, mimi na yeye. Kijiji chetu kilikuwa kipya, ukitoka Nyamuswa kama unaelekea Butiama. Operesheni ya vijiji ilikuwa imetutoa kwenye maboma yetu kule vilimani na kutupanga kwa mistari, nyumba hii na hii na hii. Watu walinung'unika chini chini, maana kunung'unika kwa sauti kulikuwa na majina yake siku zile. Nyumba yetu na ya akina Nyangi zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Akikohoa kwao, nasikia kwetu.

Baba yake, mzee Silasi, alikuwa mweka hazina wa chama cha ushirika cha pamba. Mtu wa kanisa, shati jeupe, kalamu mfukoni hata akienda chooni. Na Thadeo alikuwa kijana wa mizani, wa kutundika mizigo ya pamba kwenye ndoano na kuishusha. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na bibi yake, bibi Robi. Mrefu, mpole, meno meupe, anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Lakini mali? Hana mbele wala nyuma.

Siku hizi mnaita deti. Sisi hatukuwa na jina lake, tulikuwa tunakwenda kuteka maji. Nyangi alikuwa anateka maji mpaka mama yake, Marieta, anauliza kama mtungi umetoboka. Na siku za shamba la ujamaa, watu wote tukiwa tunapalilia pamba, Nyangi alimletea Thadeo togwa kwenye kibuyu. Wanakunywa kwa zamu, huyu akitoa mdomo huyu anaweka wake palepale. Sisi wengine tunawapigia kelele: "Mezeni na kibuyu chenyewe basi!" Nao wanacheka. Wallahi walipendana, msiniambie habari nyingine.

Thadeo akatuma watu kwa mzee Silasi. Mzee akawakaribisha vizuri, akawasikiliza, kisha akasema: "Mwambieni alete ng'ombe. Mimi kwaya sitaki." Basi.

Ulipofika msimu wa kuuza pamba, asubuhi moja tulisikia yowe kutoka ghalani. Tukakimbia. Mzee Jilala, mlinzi, alikuwa amelala mlangoni, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani, na jiwe lenyewe liko hapo pembeni, limenata mvi zake. Sanduku la pesa za kuwalipa wakulima liko wazi, tupu. Halikuvunjwa. Damu ilikuwa imeingia kwenye lundo la pamba, na pamba mnaijua inavyofyonza, ilikuwa imekunywa mpaka imekuwa nzito. Mchana wake tulikalishwa wanawake tuichambue, yenye damu huku, safi huku, maana pamba ilikuwa mali ya taifa. Mpaka leo nikishika pamba mikono inakumbuka.

Ufunguo alikuwa nao mzee Silasi peke yake. Polisi walimuuliza, akaapa hajui kitu. Wakamfunga pingu mbele ya mke wake, wakamtupa nyuma ya Land Rover, wakaenda naye mahabusu Musoma. Kesi ya kuua na kuiba mali ya umma. Kila mtu alijua mwisho wake ni kamba.

Sasa sikilizeni hapa, maana ninyi wa mjini mambo haya mmeyasahau. Kwao Thadeo, bibi Robi alikuwa mtu wa miiko kweli kweli. Mtu aliyemwaga damu ya mtu hali chombo kimoja na wenzake mpaka wazee wamsafishe. Akila nao, yeye hapati kitu, ila wale aliokula nao wanavimba tumbo na kufa. Thadeo alibatizwa, ndiyo, lakini padri alimwagia maji kichwani tu. Bibi yake alikuwa ameshamlisha haya tangu hajaota meno.

Baada ya Silasi kukamatwa, Thadeo ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba ile. Anapasua kuni, anaziba paa, anambembeleza Marieta asilie. Lakini togwa akaacha. Nyangi akimpa kibuyu, anasema ana kikohozi. Akikaribishwa ugali, anakata kipande chake kabla mtu hajagusa, anaweka kwenye jani la mgomba, anakwenda kukaa nje peke yake. Mimi nikamwambia Nyangi, "Huyo kapata mwingine, anakuonea kinyaa." Nyangi akanuna siku nzima.

Jioni moja Thadeo alibakiza ugali kwenye jani. Nyangi, kwa uchokozi tu, akachukua tonge lile akalipeleka mdomoni. Thadeo aliruka! Akampiga mkono, tonge likaruka mpaka kwenye kuku, akapiga kelele, "Usile! Utakufa!"

Marieta alikuwa ndani, hakusikia vizuri. Mimi nilikuwa kwenye minyaa nikasikia kila neno. Thadeo aliangalia kuku wanavyodonoa, kisha akaondoka bila kuaga. Nyangi alikuja kwangu, uso umekuwa wa majivu. Hakulia. Alisema tu, "Jeska, ni yeye." Sikumuuliza yeye nani. Nilishajua.

Alimfuata kesho yake kisimani, na alinisimulia yote baadaye. Alimwambia, "Ni wewe uliyemuua mzee Jilala." Thadeo hakukana. Alikaa chini kwenye nyasi akalia. Akasema hakwenda kuua. Mzee alikuwa ameaga anakwenda kwenye pombe, akarudi mapema, akamwona, akamwita, "Thadeo, ni wewe mwanangu?" Hilo jina ndilo lililomuua mzee wa watu. Jiwe lilikuwa karibu na mkono.

"Ulitaka pesa za nini?" Nyangi akamuuliza.

"Wewe unauliza? Za ng'ombe. Zako."

"Zipo wapi?"

"Sina."

"Na ufunguo ulipewa na nani?"

"Niulize yote, Nyangi, lakini hilo usiniulize."

Akamwambia basi aende kwa wazee wamsafishe. Thadeo akasema kusafishwa lazima umtaje uliyemuua, na umtaje mbele ya watu. Akamwomba avumilie. Baba yake ataachiwa tu, ushahidi hawana, kisha wao wawili watashuka Kibara, watapanda mtumbwi, watapotelea visiwani. Nyangi akanyoosha kibuyu cha maji aliyoteka. "Kunywa, nami ninywe." Kijana akarudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

Wiki ile Nyangi na mama yake walikwenda Musoma kumwona mzee. Alikuwa amekonda, shati limegeuka rangi, kalamu hana. Alipitisha vidole kwenye wavu akamshika binti yake. Akamwambia, "Mwanangu, usiache nife." Marieta alianguka palepale, ikabidi abebwe mpaka nje. Baba mmoja, Thadeo mmoja, na mmoja lazima anyongwe. Mngekuwa ninyi mngefanyaje, hebu niambieni? Haya, nyamazeni basi.

Angekwenda polisi aseme nini? Kwamba kijana hali ugali na wenzake? Askari wa kutoka Moshi angecheka mpaka kofia imdondoke. Alichotafuta ni kitu ambacho kijiji kizima kingekiona kwa macho.

Ikapatikana siku. Mwenyekiti Clementi aliita mkutano pale ghalani, polisi wamekuja kuandika maelezo ya kila mtu. Jua kali. Watu wamekaa chini, Thadeo amesimama nyuma karibu na mizani. Nyangi akatoka na kibuyu cha togwa, akapita katikati ya watu mpaka mbele yake. Akanywa kwanza, fundo refu, tukaona koo linavyopanda na kushuka. Akampa.

"Kunywa, Thadeo. Kunywa kama tulivyokuwaga tunakunywa. Halafu nirudishie nimalizie."

Watu wakacheka kidogo, wakadhani ni mambo ya wachumba. Mimi sikucheka. Thadeo alikipokea. Angekunywa tu, jamani! Angepiga fundo moja, na kijiji kizima kingemwona msafi, na Nyangi asingekuwa na neno lingine. Alikiinua mpaka kwenye midomo. Togwa ikamwagika kifuani. Alimwangalia Nyangi, na mimi nilimwona macho yake, na mtu asiniambie kwamba yule hakumpenda. Akakishusha.

"Siwezi," akasema. "Utakufa."

Kicheko kikakatika. Wanawake wazee ndio walioelewa kwanza, wakaanza kusogea nyuma, wanavuta watoto. Bibi Robi akasimama na fimbo yake. "Mjukuu wangu," akasema, "ulimgusa nani?" Thadeo akapiga magoti. Yule askari anageuza shingo huku na huku, "Kuna nini? Mbona mnakimbia?" Clementi akamwambia, "Afande, mfunge huyo kijana. Ameshasema."

Alikiri yote. Akasema aliuchomoa ufunguo kwenye koti la mzee Silasi, akafanya peke yake, na pesa zilimpotea porini alipokuwa anakimbia. Walimwita Nyangi atoe ushahidi mahakamani, akatoa. Kesi ilikwenda, ikaisha. Siku habari ilipofika kwamba ameshanyongwa, Nyangi alikuwa anatwanga. Aliendelea kutwanga mpaka unga ukawa vumbi, na mimi nilimnyang'anya mchi kwa nguvu.

Mzee Silasi alikuwa ameshaachiwa zamani. Kijiji kilimchinjia mbuzi, kwaya ikamwimbia. Mwaka uliofuata vyama vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na hakuna tena aliyeulizia pesa za pamba. Thadeo ameoza kaburini, mzee Silasi akaenda mnadani Nyamuswa, akarudi na ng'ombe. Ng'ombe wazuri, madume na mitamba, wakaingia zizini mmoja mmoja, Marieta anapiga vigelegele.

Nyangi akamuuliza baba yake, mimi nikiwa nimesimama naye mlangoni, "Baba, ng'ombe hawa umepata wapi?"

"Wako hao. Ndiyo mahari yako."

"Ametoa nani?"

"Nani mwingine alikuwa anakutaka?" Akakaa kwenye kigoda akavua viatu. Hakuona hata haya kwamba nipo, aliniona mimi mtoto tu. Akaeleza kama mtu anayeeleza habari za mvua. Sanduku alifungua yeye mwenyewe, akaondoka kabla mlinzi hajarudi. Kijana alikuwa wa kubeba tu. Walipatana wagawane, na fungu la kijana ndilo liwe ng'ombe, kwa hiyo likabaki mkononi mwa mzee tangu siku ileile. "Mimi sikumwambia aue mtu," akasema. "Alipotea kwa upumbavu wake. Lakini mdomo alikuwa nao. Alinyamaza mpaka mwisho, yule kijana."

Nyangi akasema, polepole, "Ulinishika mkono ukaniambia nisiache ufe."

"Na hukuacha," mzee akasema. "Mungu akubariki."

Nilitaka kumrushia jiwe, nasema kweli. Nyangi hakurusha kitu. Aliingia ndani akachukua wembe, akakaa nyuma ya nyumba akanyoa nywele zote kama mjane, mpaka kichwa kikatoka damu. Halafu akafunga khanga zake mbili akashika njia. Nilimfuata nikimwita, hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa bibi Robi.

Bibi yule hakuwa ameongea na mtu wa nyumba ya Silasi tangu siku ya mkutano. Alimwangalia upara ule, akasema, "Umekuja kuchukua nini? Kimebaki nini hapa?"

"Sikuja kuchukua, bibi. Nimekuja kukaa. Mahari yangu imeshatoka. Baba anayo zizini."

Bibi Robi alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Aliielewa habari yote palepale aliposimama. Akakaa kizingitini, akalia kwa sauti kilio cha msiba, kile ambacho hakuwahi kukilia, maana hakuna aliyemletea mwili. Nyangi akakaa chini pembeni yake. Sikumsikia akilia, lakini niliona mabega. Mwisho bibi akamshika kichwa kilichonyolewa, akamwambia, "Ingia ndani, mke wa Thadeo."

Nilimuuliza kwa nini asiende kumsema baba yake. Akanijibu, "Jeska, mmoja nimeshampeleka mimi. Huyo mwingine apelekwe na mtu mwingine." Akakaa na bibi Robi, akamlisha, akamwosha, akamzika. Ndipo alipokuja huku Musoma na kuanza kuuza furu. Wanaume walimtaka, tena wenye mali, naye kila mmoja alimjibu, "Mimi ni mke wa mtu."