Siku Wapangaji Tulipoambiwa Hatupo

Nakumbuka Jumamosi moja tulipofukuzwa nyumbani kwa heshima zote, mwanangu, na tukaondoka tunacheka. Nakusimulia kwa sababu juzi umeniambia huko Buzuruga unakopanga waliitisha mkutano wa mtaa, wewe ukabaki ndani kufua nguo. Ukasema, "Mimi mpangaji tu, mama, yananihusu nini?" Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, na hadi leo yananiuma.

Enzi hizo soko huria ndiyo kwanza limeingia. Viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa Mwanza, na vijana tukawa tunamiminika kutoka kila upande wa ziwa: Wakerewe, Wahaya, Wajaluo, na sisi Wajita na mafurushi yetu ya nguo. Nilipata kazi ya kukata minofu ya sangara, nikapanga chumba mlimani, kule ambako nyumba zimekaa juu ya mawe hadi unajiuliza fundi alisimama wapi. Mwenye nyumba wangu alikuwa Mzee Masalu, mwenyekiti wa mtaa. Mkewe tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Jioni nilimletea mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, naye ananiwekea ugali. Upangaji wangu ulikuwa wa jina tu.

Basi manispaa ikatangaza kwamba watu wake watapita kila mtaa kuhesabu wakazi. Diwani wetu akamnong'oneza Mzee Masalu kwamba mtaa ukionekana umejaa sana utagawanywa, nusu apewe mwenyekiti mwingine. Mzee aliupenda ule uenyekiti kuliko ng'ombe wake aliowaacha Misungwi. Akatuita wapangaji uani, sauti ya upole kabisa.

"Wanangu, Jumamosi mkatembee. Nendeni ziwani mkaoge, mpumzike. Wakija hao wa manispaa nitawaambia humu naishi na mke wangu."

Wenye nyumba wengine nao wakafanya hivyohivyo. Sisi tulifurahi, nani anakataa mapumziko? Siku ilipofika, nikiwa nafunga mlango wa chumba changu, nikamkuta Mayu na ndoo yake anateremka kisimani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mayu." Badala ya marahaba, akatua ndoo chini.

"We binti, unaambiwa hupo, na wewe unacheka?"

"Ni siku moja tu, Mayu. Mimi mpangaji, ipo siku nitarudi kwetu."

"Na maji unayokunywa leo yanatoka kwenu? Ukiumwa usiku, wanakusikia kwenu?" Akainua ndoo yake. "Mzee wangu namjua, ameshikwa na cheo. Wewe umeshikwa na nini?"

Nikaenda ziwani na wenzangu, tukala mihogo ya kuchoma, tukarudi jua likiwa limeshuka.

Kumbe hesabu ile ilikuwa ya maji. Manispaa ilikuwa na uwezo wa kupandisha bomba kwenye mlima mmoja tu, na madiwani walipokaa kikaoni wakakubaliana liende penye watu wengi. Likaenda mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Diwani wetu alikuja kutueleza mkutanoni, mikono mifukoni. "Sasa mlitaka nisemeje? Huku juu inaonekana mko wachache." Mzee Masalu, aliyekaa meza ya mbele, alitazama viatu vyake. Mtaa haukugawanywa. Alibaki nao mzima, na kiu yake nzima.

Masika yaliyofuata Mayu aliteleza kwenye yale mawe, ndoo kichwani, akavunjika nyonga. Wapangaji ndio waliombeba hadi juu. Alilala ndani miezi mingi, nasi tukapokezana kumtekea maji na kumwogesha. Hakuwahi kunikumbusha maneno yake, hata mara moja. Afadhali angenisema, mwanangu. Nilikuwa nikimaliza kumfuta mgongo natoka nje, nakaa nyuma ya nyumba, nalia. Kiangazi kilipokolea, akatutoka.

Siku ya mazishi wapangaji wa mlima wote walikuja. Ua ulijaa, wengine wakapanda kukaa juu ya mawe, kila jiwe likawa na watu. Akina mama walijipanga kwenye mteremko kutoka kisimani hadi jikoni, ndoo zikawa zinapita mkono kwa mkono bila mtu kupanda. Mzee Masalu alitolewa ndani ameshikwa mkono. Akasimama mlangoni, akatazama juu kwenye mawe, akatazama chini kwenye ule mstari wa ndoo. Akasema taratibu, kama anaongea na mkewe:

"Kumbe tuko wengi hivi."

Tulikuwa tunalia.

Sasa nisikilize. Mahali unapolala na kuchota maji ni kwako, hata kama ufunguo amekupa mtu mwingine. Wakiitisha mkutano, nenda ukakae mbele. Wakija kuhesabu watu, usitoke nyumbani. Na mwenye cheo akikuomba usionekane, muulize anaogopa nini. Muulize kwa adabu, lakini muulize. Mimi siku ile ningeweza kufungua mlango wangu tena na kukaa kizingitini mpaka wale watu wa manispaa wanione. Pengine wenzangu nao wangebaki. Pengine kusingebadilika kitu. Hilo ndilo linaloninyima raha uzee huu, kwamba sitajua.

Mungu akupe maji karibu na mlango wako, mwanangu. Akupe majirani wanaokujua kwa jina ungali mzima, na akulinde na furaha ya namna ile niliyokwenda nayo ziwani. Mkutano ujao, ziache nguo kwenye beseni.