Kumsindikiza Mama

Watu wa kanisa letu hapa Blacktown, pembeni mwa Sydney, walidhani nimeuza gari. Wengine walidhani nimenyang'anywa leseni, na mmoja, ambaye hakosi la kusema, alieneza habari kwamba ndoa yangu imevunjika na mume ameondoka na gari. Mume wangu ni marehemu miaka sita sasa, lakini hilo halikumzuia. Hapa kwetu ukionekana unatembea kwa miguu, una umri wangu, na umemshika mkono mama mzee, Mwafrika yeyote anayepita lazima asimamishe gari.

"Mum, gari imeharibika? Ingieni niwadrop," wanasema.

Nawashukuru, nakataa. Wanaondoka polepole wakinitazama kwenye kioo. Gari lipo. Limekaa mbele ya nyumba chini ya mjakaranda, limejaa maua yaliyodondoka, na siku hizi nalitumia kwenda kazini tu.

Mama yangu alitembea maisha yake yote. Kwetu ni Taita, milimani, na soko liko chini. Alikuwa akiteremka na kikapu cha nyanya kichwani kabla hakujapambazuka, akipanda tena mchana na unga na mafuta ya taa. Nyanya hizo ndizo zilizonisomesha uuguzi. Kwa hiyo nilipofanikiwa kumleta Sydney, niliapa kwamba hatatembea tena. Nilimfunga mkanda kwenye kiti cha kushoto, na kwa miaka miwili nikamzungusha: kanisani, kliniki, madukani, hata posta, ambayo ni dakika saba kwa miguu. Nilijiona mtoto mwema sana. Sikuona kwamba mtu asiyekanyaga barabara hajui inaelekea wapi, na mama hakuijua hata moja.

Kilichomuumiza zaidi ni wageni. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unajitanda leso, unatoka naye, mnakwenda mkizungumza, naye akiona umefika mbali anageuka kukurudisha kidogo. Lile hasa lililomleta, mara nyingi hulisema hapo njiani, si kwenye kiti. Hapa wageni wetu wanakula, wanasali, wanabonyeza funguo, gari linalia, wameondoka. Mama alikuwa akibaki langoni na leso yake begani.

"Hawa wanakimbia nini?" aliniuliza siku moja. Nilicheka, na sasa nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Jumapili moja walikuja watu wa kikundi cha maombi. Walipoondoka niliingia jikoni kuosha vyombo. Nilipotoka, mama hakuwepo. Chumbani hakuwepo, bafuni hakuwepo, nyuma ya nyumba hakuwepo. Nilizunguka mitaa yote ya karibu na gari, madirisha wazi, nikiita "Mama" kati ya nyumba ambazo hakuna mtu anayetoka nje. Nimefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya wazee, na najua kila hatua ya kufuata mzee anapopotea. Siku hiyo sikufuata hata moja; niliendelea kuzunguka na kuita tu.

Baada ya saa mbili hivi gari lilisimama langoni kwangu. Alishuka mama mmoja Mkongo tunayemwona kanisani, bado amevaa koti la kazi la rangi ya machungwa, ametoka zamu ya ghala huko Wetherill Park. Mama yangu alikuwa nyuma yake.

"Nilimukuta kule Seven Hills, pembeni ya gare, pale treni inasimama," aliniambia. "Alikuwa anauliza watu njia mu Kiswahili. Watu hawamusikie, dada. Nikasema, huyu ni mama wa kwetu, siwezi kumuacha."

Nilimkalisha mama kwenye kochi nikamvua viatu. Vilikuwa vile vya kanisani, na visigino vyake vilikuwa vimechubuka hadi damu.

"Mama, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nasindikiza wageni," alisema, akinishangaa kwa kuuliza. "Walitangulia. Nikafuata njia waliyoshika. Lakini hawakugeuka, mwanangu. Hata mmoja hakugeuka."

Daktari alituambia yale niliyokwisha kuyajua na kukataa kuyajua. Kumbukumbu zake zilikuwa zinaondoka, na hazitarudi. Kwa miezi nilikuwa nimesema ni ugeni tu, ni baridi, ni kukosa watu wa kuongea nao. Kwa mama wa mtu mwingine ningeutambua ugonjwa huo kwa siku moja. Sasa nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Ningeweza kufunga mlango kwa ufunguo, kama wengi wanavyofanya. Kazini nimefunga milango ya namna hiyo kwa mikono yangu mwenyewe. Au ningeweza kumfundisha njia ya kurudi nyumbani, mara nyingi, mpaka miguu iishike kabla kichwa hakijaiachia. Niliogopa mlango kuliko nilivyoogopa barabara. Tangu wiki ile, siku nisizo na zamu, gari linakaa.

Tulikuwa tukienda kwenye maduka karibu na stesheni. Kwangu ni nusu saa. Kwa mama ni saa nzima, maana anamsalimia kila anayekutana naye, na akikosa jibu anasimama kulingoja. Majina ya mitaa hakuyataka. Alama alizichagua mwenyewe: nyumba yenye mlimau unaomwaga malimau nje ya ua, kisha mbwa mweupe anayebweka mara mbili na kunyamaza, kisha sanduku jekundu la posta. Mwisho kulikuwa na ukuta ambao mtu aliupaka rangi ya samawati nusu, akauacha.

"Huyu aliishiwa rangi au aliishiwa mke?" mama aliuliza. Ukuta huo ukiupita, kwetu ni nyumba ya nne.

Njiani aliniambia mambo ambayo hakuwahi kuyasema ndani ya gari. Kwamba kabla yangu alizaa mtoto aliyeishi siku tatu. Kwamba ile safari ya soko hakuichukia hata siku moja. Ndiyo saa pekee aliyokuwa peke yake, bila mtu wa kumtuma wala wa kumlilia. Mimi niliyeapa kwamba hatatembea tena, sikuwahi kumuuliza.

Baada ya miezi kadhaa nilianza kubaki nyuma yake, hatua kumi, kisha ishirini, nione kama anajua. Alijua. Akifika kwenye ule ukuta aliugusa kwa kiganja, akahesabu nyumba kwa sauti, akaingia langoni bila kuniangalia. Siku ya kwanza alipofanya hivyo nilifurahi hata nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara, na gari moja likasimama kuniuliza kama naumwa.

Mwaka huu majina yameanza kumtoka. La mjukuu wake, binti yangu, lilitangulia, na la mji huu likafuata. Njia haijamtoka. Jumanne iliyopita tulirudi kutoka madukani jioni, mimi nimebeba unga na mchicha, yeye mbele. Aligusa ukuta. Alihesabu nyumba. Alipofika langoni akageuka, akatengeneza leso yake begani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa ile adabu anayompa mtu asiye wa nyumbani.

"Asante mama kwa kunisindikiza," alisema. "Kwangu ndiyo hapa. Sasa rudi, jua linazama, na watoto wako wanakungoja. Ningekurudisha kidogo, lakini binti yangu akija asiponikuta atahangaika sana."

Iliniuma, sitaficha. Lakini nisingeweza kuwa kwake mgeni mwingine asiyejua kuaga. Nilimshukuru, nikamwambia awasalimie wa nyumbani. Akasimama langoni akinitazama nikienda, na kabla ya ukuta niligeuka nikampungia mkono, naye akapunga. Nilisubiri hapo na unga wangu mpaka nilipomwona ameingia. Kisha nikarudi, nyumba ya nne, nikapiga hodi.