Mama wa Tarumbeta na Muuzaji wa Elerai

Jumatatu asubuhi, nikiwa bado natafuta miwani yangu, simu ilileta taarifa kwenye kundi la mtaa wetu hapa Kijenge: mama mzazi wa jirani yangu amefariki dunia, usingizini, nyumbani kwake Akheri, juu mlimani, na maziko ni Alhamisi. Salamu za pole zikaanza kushuka moja baada ya nyingine, kisha mtu mmoja akauliza, "Yule wa tarumbeta?" Akajibiwa, "Ndiye." Kundi likaanza kusimulia. Nimekaa kwenye misiba mingi, lakini sikumbuki mwingine ambao kufikia adhuhuri watu walikuwa wanacheka na kufuta machozi kwa pamoja. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtauliza kwa nini mama huyu hajawahi kutokea kwenye safu hii, ilhali nimeshawaandikia habari za mbuzi wa jirani na za fundi bomba wangu. Sababu ni kwamba alinikataza. "Ukitaka kuniandika, subiri nife," aliniambia, "na hata hapo usitaje jina. Nina wajukuu wanasoma, wasije wakataniwa." Basi nimesubiri, na jina sitaji.

Alikuwa mkunga. Miaka yake yote ya kazi aliitumia wodi ya wazazi, na nusu ya watu wazima wa upande ule wa mlima walipokelewa duniani na mikono yake, jambo ambalo hakuacha kuwakumbusha walipojifanya wakubwa. Alipostaafu alirudi kwenye migomba na kahawa yake, na baada ya kufiwa na mumewe akawa anashuka mjini mara kwa mara kukaa na binti yake, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Wakati huo kikundi cha matarumbeta cha usharika wao kilipoteza mpigaji mmoja aliyehamishiwa Dodoma kikazi. Wakatafuta kijana wa kuziba pengo, hawakupata. Mama akasema atajifunza yeye. Mchungaji alidhani ni utani. "Nimewaambia wanawake wasukume maisha yangu yote," akamjibu, "leo nishindwe mimi kusukuma pumzi?"

Akaanza kujifunza kwa tarumbeta la kanisa, na mazoezi akayafanyia uani kwa binti yake, hatua chache kutoka dirisha ninapoandikia. Wiki za mwanzo sauti ile ilikuwa ya ng'ombe anayemtafuta ndama. Siku moja akagonga geti langu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, jirani. Nimekuja kuuliza, kelele zangu zinakusumbua zaidi saa ngapi?" Angalieni swali lenyewe. Hakuuliza kama zinanisumbua, maana hapo ningelazimika kusema uongo wa adabu na yeye angelazimika kujifanya ameuamini. Alijua zinasumbua. Nikamwambia ukweli, kwamba asubuhi ndipo ninapoandika. Akahamishia mazoezi alasiri, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Tarumbeta la kanisa lilikuwa la kushirikiana na mwanafunzi mwingine, na mama alikuwa amepangiwa kupiga kwenye ibada ya alfajiri ya Pasaka, mbele ya usharika mzima, kwa mara ya kwanza. Akataka lake. Binti yake akamwonyesha ukurasa wa mtandaoni wa muuzaji mmoja wa Elerai, anayeuza vitu vilivyotumika: feni, viti vya ofisi, baiskeli, na siku hiyo, tarumbeta. Picha ilimeta kama kikombe cha ushindi. Chini yake iliandikwa: "Kutoka Ujerumani. Halijatumika sana. Lipo vizuri sana." Mama akalipa kwa simu, na bodaboda akaleta mzigo siku hiyo hiyo, umefungwa vizuri kwa kanga. Alipolifungua, liling'aa. Alinipungia nalo juu ya ukuta kama mtoto aliyepewa viatu vipya.

Jumapili ya Mitende akapanda nalo Akheri. Maandamano yakaanza, watu na matawi yao, matarumbeta yakitangulia, jua likiwa limeshachomoza vizuri. Noti za chini lilitoa bila shida. Noti za juu lilizomea tu, kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Mama akapuliza kwa bidii zaidi. Waliokuwa mbele wakageuka, wakamtazama, wakageukia mbele haraka. Watoto wakaanza kusukumana. Mchungaji alipotoa matangazo alitazama dari mwanzo hadi mwisho. Ibada ilipokwisha ndipo binti yake alipompiga picha na kumwonyesha: midomo ilikuwa ya dhahabu, pamoja na ncha ya pua. Tarumbeta lilikuwa limepakwa rangi ya kupuliza, mpaka sehemu ya kuwekea mdomo, na jua na mate vilikuwa vimeilainisha. Alipolikwangua nyumbani akakuta ufa mrefu kwenye bomba, umezibwa kwa gundi. Alicheka siku nzima, binti yake anasema. Jioni alipokuwa peke yake jikoni hakucheka. Pasaka ilikuwa Jumapili inayofuata.

Alimpigia muuzaji. "Mama, bidhaa ikishauzwa hairudishwi," yule bwana akamwambia, "na ulipoipokea ulisema ni nzuri." Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi. Hapo sisi wapenda haki tukajitokeza. Mkwewe alitaka waende polisi. Kaka mmoja wa mtaani alijitolea kujifanya mteja wa gitaa ili amvute muuzaji hadi Kijenge wamkamate. Mimi nilijitolea kumwanika kwenye safu hii, na aya ya kwanza nilikuwa nimeshaitunga kichwani, kali kama pilipili kichaa. Alitukatalia sote. Polisi, alisema, watamweka ndani, na mtu aliye ndani harudishi kitu. Hila ya gitaa ni uongo, na yeye alikuwa analalamikia uongo. Mimi aliniambia, "Wewe kalamu yako ikishamchoma, atakuja kuzungumza na mimi kwa uso gani?"

Alichofanya ni kuandika maoni chini ya tangazo lile lile la muuzaji, yakiambatana na picha yake ya midomo ya dhahabu: "Hujambo mwanangu. Mimi ndiye niliyenunua tarumbeta. Rangi yake imenihamia, kama unavyoona. Sina hasira na wewe ila nina shida, maana Jumapili natakiwa kupiga kanisani. Naomba tuonane tuzungumze. Ni mimi mama yako." Watu walicheka mpaka wakasambaza ile picha mji mzima. Kuna waliojaribu kumtukana muuzaji, na mama akawajibu mmoja mmoja: "Msimtukane, bado hatujazungumza." Kesho yake simu ikalia. "Aisee mama, unaniharibia biashara." "Ndiyo maana nataka tuonane, mwanangu. Kesho uko dukani?"

Nilimpeleka mimi, kwa sharti. "Utaendesha gari na utanyamaza," aliniambia. Duka lilikuwa chumba kimoja kilichojaa mpaka dari, na muuzaji alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kupigwa. Akamwamkia mama, akaitikiwa, akatuletea viti. Kabla hatujakaa vizuri akaanza kujitetea. Na yeye aliuziwa hivyo hivyo, alisema, ndani ya fungu la vitu vya mtumba. Tarumbeta halijui, hajawahi hata kulishika kabla ya hilo. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauliza kwa upole, kama anayemuuliza mjamzito uchungu umeanza lini.

"Ile picha ulipiga wewe?"

Muuzaji akatazama feni zake. "Hapana. Niliitoa mtandaoni."

"Na rangi?"

Nilitaka kusema neno, nikakumbuka sharti.

"Niliipaka mimi," akasema. "Lilikuwa na kutu, mama. Nilijua halitanunuliwa. Na pesa yako nimeshalipia kodi ya chumba hiki, sina ya kukurudishia leo."

"Asante," mama akasema. "Sasa tunaweza kuzungumza. Pesa tutaiongelea baadaye. Mimi Jumapili napiga nini?"

Nadhani yule bwana alijiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Alikaa, akakuna kichwa, halafu uso wake ukabadilika. Alikuwa na rafiki kwenye kikundi cha matarumbeta ya harusi, wale wanaopanda nyuma ya pikapu na kutangulia msafara wa maharusi. Na hii ilikuwa Kwaresma, harusi hakuna, matarumbeta yao yote yamelala. Akapiga simu mbele yetu, akabembeleza, akaweka dhamana baiskeli ya dukani kwake. Jumamosi mchana alilipandisha tarumbeta Akheri yeye mwenyewe, akakaribishwa ndizi, akaambiwa giza litamkuta njiani, alale. Alfajiri ya Pasaka alikuwa amesimama nyuma ya usharika, kwenye baridi ile ya mlimani, amejifunika blanketi la mwenyeji wake. Mama akapiga. Noti ya juu ilitetereka kidogo mwanzoni, kisha ikasimama, na mimi ninayeandika haya sioni aibu kusema kwamba nililia. Muuzaji alikuwa anatazama chini muda wote.

Ilibaki pesa. Mama alipendekeza lile tarumbeta bovu litangazwe upya, na tangazo alitunga mwenyewe. Likapigwa picha kama lilivyo, limebabuka. Maneno yakawa: "Lina ufa, limepakwa rangi, noti za juu halitoi. Usinunue kama unataka kulipiga. Limemshinda mama mmoja Akheri." Muuzaji aliguna. "Mama, nani atanunua hiki?" Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi pia nilijua tumefika mwisho wa barabara. Haukupita muda, akajitokeza dada mmoja anayepamba hoteli za watalii. Alitaka kitu cha kutundika ukutani, na kilivyobabuka ndivyo alivyokipenda. Alilipa, na muuzaji akamletea mama pesa yake mkononi, Kijenge, na mkungu wa ndizi juu, ambao mama aliukagua na kumwambia kwamba wa shambani kwake Akheri ni mzuri zaidi.

Nimelifikiria sana jambo hili, hasa kwa kuwa siku hizi tunauziana bila kuonana. Soko la zamani lilikuwa na macho. Muuza ng'ombe mnadani anaweza kukudanganya umri wa fahali, lakini unaweza kumfungua fahali mdomo ukahesabu meno, na wiki ijayo muuzaji utamkuta pale pale. Mtandaoni hakuna meno ya kuhesabu, kuna picha. Mnunuzi haoni kitu, muuzaji haoni mtu, na ni rahisi sana kumpaka rangi mtu usiyemwona. Nasi tunapodhulumiwa tunajibu kwa mtindo huo huo: tunamwanika, tunamsambaza, tunasahau ifikapo jioni, na aliyedhulumiwa anabaki na tarumbeta lake bovu. Siku tuliyotoka Elerai nilimuuliza mama garini kwa nini hakumfokea yule bwana, hata kidogo. Akasema wodini wanawake walimtukana kila siku, wakati wa uchungu, matusi mengine hakuwahi kuyasikia kwingine. "Ningekaa nayajibu," akasema, "nani angempokea mtoto?"

Alhamisi tulimzika kati ya migomba yake. Matarumbeta ya usharika yalipiga, na yule wa Elerai alikuja na mkewe, akasaidia kupanga viti, akabaki kuvikusanya. Alinisimulia kwamba siku hizi kila tangazo lake lina mstari wa kasoro, na wateja wanamtania kwa hilo, lakini hawamgombezi. Mama, akasema, alikuwa akimpigia simu kumuuliza watoto wanaendeleaje, na kwenye mimba ya mtoto wa mwisho mama ndiye aliyempa mkewe ushauri. Tulisimama pale, watu wawili ambao bila mama yule wangekuwa maadui, mmoja kwa kalamu na mwingine kwa kuchomwa nayo.

Somo ninalolichukua ni la vitendo kuliko la moyo. Ukienda kudai haki yako, amua kabla hujatoka nyumbani unachokifuata ni kipi: kitu chako, au aibu ya mwenzako. Viwili hivyo havibebeki kwa safari moja. Mama alifuata kitu chake, akarudi nacho, na aliyekuwa amemkosea akaja kumzika.